Dadangu, Ubao Si Godoro

MASWALI YA WASOMAJI: MGONGO NA VIUNGO
Majibu yanatolewa na mtaalamu mstaafu wa fiziotherapia, mzaliwa wa Amu na mkazi wa Malindi.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Langoni, Amu. Nina yabisi ya magoti na vidole. Daktari aliniambia gegedu zimelika. Kiuno nacho hakinipi raha. Nikikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, kuinuka lazima nishikwe mkono. Usiku ndio taabu zaidi, kwa sababu kila nikitaka kugeuka maumivu huniamsha. Nalala kwenye samadari ya kamba aliyoniachia mamangu, futi 5 kwa 6, na godoro la sponji ambalo limeshafanya shimo katikati. Mume wangu ni mwembamba, mimi mnene, basi usiku kucha yeye hunimiminikia mimi.

Wanangu walioko Mombasa wamechanga, wanataka kuniletea godoro la othopediki la inchi 10, gumu kabisa. Muuza duka amewaambia mgonjwa wa mgongo kadiri anavyolala pagumu ndivyo anavyopona. Jirani yangu ananishauri niachane na godoro nilale chini kwenye jamvi. Kijana wangu mmoja anataka kukata matendegu ya samadari, eti kitanda ni kirefu kwa mgonjwa. Nishike la nani? Tena, kuna ubaya kumeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila usiku ili nipate usingizi? Nina presha.
Mama wa Langoni

JIBU: Wa aleikum salaam, dadangu. Kabla ya habari ya godoro, mwambie huyo kijana arudishe msumeno kwa mwenyewe. Urefu wa samadari ni rehema kwa mtu mwenye magoti kama yako. Ukiinuka kutoka mahali pa chini, goti linakunjika sana na misuli ya paja inabidi ibebe mwili wote goti likiwa limekunjika vile. Ukiinuka kutoka mahali palipo juu kidogo, kazi inapungua.

Pima hivi. Simama kando ya kitanda na kandambili zako, uangalie pale goti linapokunjikia kwa nyuma. Ukiketi ukingoni, godoro likiwa limebonyea kwa uzito wako, makalio yako yawe juu ya hapo kwa vidole viwili vitatu, na nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Zikining'inia, kitanda kimezidi. Mama zetu samadari hizi walizitandika magodoro ya sufi yasiyo manene, na hata hivyo nyingine zina kibao cha kupandia. Ukipandisha inchi 10 za sponji juu yake, utataka mtu wa kukupandisha na mtu wa kukushusha. Kwa hiyo kinachozidi hapo ni inchi za wanao, matendegu hayana kosa. Inchi 6 zinatosha, au 8 kwa kuwa una mwili, mradi sponji yenyewe iwe nzuri.

Jirani yako anakutakia mema. Lakini jamvi ni la mtu anayeinuka kutoka chini bila kushikwa mkono, na wewe umeshanieleza ya mbuzi na nazi.

Hili la kulala pagumu nimelisikia miaka yote niliyofanya kazi, na wagonjwa wengine walikuwa wameambiwa na madaktari wenyewe. Kuna watu waliolipima. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, na hakuna aliyeambiwa amepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliokuwa na nafuu zaidi: maumivu kitandani, maumivu wakati wa kuamka, na hata uwezo wa kufanya shughuli za mchana. Sababu haihitaji chuo kikuu. Mwili wa binadamu haukunyooka, na wa mwanamke wa pwani aliyejaliwa nyonga ndio kabisa. Ukilala ubavu juu ya kitu kigumu, bega na nyonga hubeba uzito wote, na kiuno kinabaki kinaning'inia hewani. Pakiwa laini mno, nyonga huzama na mgongo ukapinda upande wa pili. Unatafuta godoro linaloruhusu nyonga na bega kuingia kidogo, huku kiuno kikipata kitu cha kukiegemeza.

Utafiti ule ulihusu viuno, haukuhusu yabisi. Kwa yabisi naongeza jambo langu mwenyewe, na hili ndilo ningependa wanao walisome mara mbili: kipimo cha godoro lako ni kugeuka na kuinuka. Kila mtu hugeuka mara nyingi usiku bila kujua. Mwenye viungo vizima hagutuki usingizini, bali wewe ukiwa umezama shimoni inabidi ujisukume kwa kiwiko, ukaze vidole kwenye shuka, upinde goti. Mpaka ugeuke, usingizi umekwenda na vidole vinawaka. Kwa sababu hiyo siwapendelei wenye yabisi magodoro yale ya memori, yanayoacha alama ya mkono ukiyabonyeza. Aina ile ya sponji ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi iliyogharamiwa na NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Hulainika kwa joto. Ulaya kwenye baridi huenda likawa zuri sana. Amu wakati wa kaskazi, chumba kisicho na feni, ni kulala juu ya unga wa mahamri uliofura. Unazama, unatoka jasho, na kugeuka ni mpaka upange safari. Kama mna uwezo, raba asilia, lile liitwalo lateksi, hukurudisha juu mara moja na kugeuka juu yake ni rahisi. Ila ni zito sana na bei yake si ya mchango mdogo. Ya springi siyapendi kwa nyumba zilizo karibu na maji. Hewa ya chumvi haina adabu kwa chuma, na springi moja ikishaota kutu na kukatika utaitambua kwa mbavu.

Sasa hilo neno othopediki. Hakuna kipimo kimoja ambacho kila kiwanda hulazimika kukitimiza ndipo kiruhusiwe kuliandika kwenye kitambaa. Mara nyingi ndani mna vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa pamoja kwa gundi. Ni kigumu, kinadumu, na kwa mwanamume wa kilo 100 anayelala chali huenda kikafaa. Kwa nyonga na mabega yako sikishauri, labda juu yake utandike sponji laini la inchi 2.

Densiti nayo inawachanganya wengi. Densiti ni uzito wa sponji katika ujazo wake; inakueleza godoro litaishi muda gani kabla halijabonyea. Ugumu ni jambo jingine. Lipo sponji zito lililo laini, na lipo jepesi lililo gumu siku ya kwanza, likafa baada ya Ramadhani mbili. Muuza duka akisema "haidensiti", wanao wasibishane naye, waombe mizani. Godoro la futi 5 kwa 6, unene wa inchi 8, lina ujazo wa futi za ujazo 20, yaani karibu mita za ujazo 0.57. Likiwa na kilo 14, densiti yake ni kama 25, yaani kilo 25 kwa kila mita ya ujazo. Likiwa na kilo 9, ni kama 16, na sponji ya 16 chini ya mtu mzima mwenye mwili haifiki mbali. Hesabu hii ni ya sponji tupu. Hayo ya vipande vilivyogandishwa ni mazito kwa maumbile yake. Watazame pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Na tafadhali, wasikuletee zawadi ya kushtukiza. Godoro likishavushwa kutoka Mokowe, likapandishwa punda au mkokoteni mpaka Langoni, nani atalirudisha Mombasa? Mwili utakaolalia ni wako, basi uende wewe. Ukishindwa na safari, wanunue sehemu uliyo karibu nayo. Dukani uvue viatu ulale, bila haya, dakika kumi au zaidi, kwa ubavu ule unaolalia nyumbani. Kisha lala chali upitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita kote bila kuguswa, gumu mno. Kisipoingia hata kidogo, umezama. Mwisho geuka upande wa pili mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Ukiweza kugeuka hivyo bila kushika ukingo, hilo liulize bei. Muuza duka akinuna kwa kuwa umelala kwenye bidhaa yake, yako maduka mengine.

Ila kabla ya kutoa hata shilingi, hebu tukague kamba. Una hakika shimo ni la godoro? Samadari ya kamba ikilegea, hata godoro jipya litafuata bonde lile lile. Toa godoro, lala juu ya kamba tupu, mwanao akutazame kwa upande. Zikiwa zimelegea, mwite fundi aziwambe upya, azikaze. Au kwa kujaribu tu, weka ubao wa plaiwudi kati ya kamba na godoro lako la sasa ulale nao wiki mbili. Kiuno kikitulia, umeshajua tatizo lilikuwa wapi, na pesa za wanao zina matumizi mengine. Ubao utobolewe matundu, godoro lipumue, kwa maana unyevu wa Amu ukikosa pa kutokea huzaa kuvu. Wasomaji wenye vitanda vya chaga, nafasi kati ya chaga moja na nyingine isizidi upana wa vidole vinne.

Habari ya mume imenichekesha, nisamehe. Dawa yake ipo, wala si kumhamisha chumba. Badala ya godoro moja la futi 5, nunueni mawili ya futi 2 na nusu kwa 6, unene mmoja, la kwako sponji zito zaidi na la kwake laini zaidi, myalaze bega kwa bega na shuka moja juu. Sponji hukatwa kwa kipimo, na fundi wa kushona makava hashindwi. Kila mtu atakuwa na bonde lake. Mkitaka kukutana hakuna ukuta.

Kulala kwenyewe: ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, mto katikati ya magoti ili nyonga ya juu isivute kiuno. Mto wa kichwa ujaze nafasi ya kutoka bega hadi sikio, usizidi. Utasikia watu wanakuambia ulale chali na mto chini ya magoti. Kwa kiuno ni ushauri mzuri; kwa magoti yako una walakini, kwa sababu goti la yabisi likilala limekunjwa usiku mzima, usiku baada ya usiku, huanza kukataa kunyooka. Weka nusu saa kiuno kitulie, kisha utoe.

Alfajiri usikurupuke. Ukiwa bado umelala, kunja na kunyoosha magoti na vifundo vya miguu mara kadhaa. Geuka ubavu, teremsha miguu nje ya kitanda, huku unajisukuma kwa mkono mzima kutoka kiwiko hadi kiganja. Usiegemee ngumi wala vidole. Kaa kidogo ukingoni. Vidole vikigoma, vitie kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kabla ya udhu. Sujudu ikikushinda, swali kwenye kiti, ruhusa unayo. Mchana usijilaze ukidhani unaupumzisha mgongo. Kiuno cha namna hii hupona kwa kutembea. Baada ya alasiri jua limepoa, shika njia ya ufukoni mwendo wako mwenyewe. Umesema mwenyewe una mwili, basi nami naweza kusema: kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua.

Diklofenaki nimeiacha mwisho maana hapo sina mzaha. Ya kumeza kila usiku, kwa mtu wa presha, hapana. Hupandisha presha, huzidhoofisha dawa za presha, huchubua tumbo hadi kutoka damu, na huumiza figo bila kukupigia hodi. Kwa magoti na vidole ipo ya kupaka, nayo huingia mwilini kidogo sana. Nenda hospitali, beba dawa zako zote kwenye mfuko, waeleze umekuwa ukimeza nini na kwa muda gani, wakupime presha na figo. Na siku ukikosa hisia kati ya mapaja, au mkojo ukizuilika au ukakutoka bila habari, au mguu ukaanza kulegea, usingoje kesho wala usiniandikie mimi. Hiyo ni dharura, tafuta mashua saa hiyo hiyo ikibidi.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naendesha tuktuk hapa Malindi, naishi Maweni. Mgongo huniamsha usiku wa manane na asubuhi nimekakamaa zaidi ya saa nzima, lakini nikishaanza kazi unaachia. Wikiendi nikipumzika ndio unazidi. Nimebadilisha godoro mara mbili, sioni tofauti. Mwaka jana jicho moja liliwahi kuwa jekundu na kuuma sana kwa mwanga, likapona kwa dawa ya matone. Ninunue godoro gani?
Dereva

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue lolote. Pesa hizo nauli ya kwenda kumwona daktari, wiki hii.

Mgongo uliochoshwa na kiti cha tuktuk huuma jioni na hutulia ukilala. Wako unafanya kinyume: kupumzika kunauzidisha, mwendo unauachia, unakuamsha usiku, na ukakamavu wa asubuhi unapita saa nzima katika umri mdogo. Ukiongeza lile jicho, nashuku uvimbe ndani ya viungo vya uti wa mgongo, ugonjwa uitwao ankilozingi spondilaitisi au wa jamaa yake. Sisemi unao. Nasema daktari ausikie mpangilio huo wote kwa pamoja, kwa maana ukimwambia "mgongo unauma" tu, atakupa vidonge vya maumivu na kukuaga. Jicho usilisahau, watu husahau jicho kwa sababu wamekwenda kwa ajili ya mgongo. Ukiachwa miaka, ugonjwa huo unaweza kugandisha pingili za uti zikashikana, nao una matibabu.

Kama una homa za jioni, jasho la usiku au unapungua mwili, vitaje pia, maana kifua kikuu hushika hata mifupa ya mgongo na hapo matibabu ni mengine kabisa. Jicho likirudi kuwa jekundu na kuuma kwa mwanga, kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Wakati unangoja majibu, endelea kutembea na kuogelea, bahari unayo karibu.

SWALI: Bi mkubwa, salaam kutoka Mambrui. Nina godoro la sufi la marehemu bibi yangu. Mke wangu anasema ndilo linaloniumiza kiuno, anataka nilichome moto. Kweli sufi ni mbaya kwa mgongo?
Mjukuu

JIBU: Sufi haina ubaya. Tatizo lake ni kufanya mabonge na kulala chini, ukajikuta na milima pembeni na bonde katikati. Usilichome. Mpelekee fundi alifumue, sufi ichambuliwe na kuanikwa juani mpaka ifure, aongeze mpya kidogo, kisha alishindilie sawasawa na kulishona kwa nukta za karibu karibu ili sufi isitembee. Kava lile la zamani kama limechoka, badilisha. Mwambie fundi unaumwa kiuno ashindilie zaidi sehemu ya katikati, kuanzia chini ya mbavu hadi nyonga.

Baada ya hapo liwe linageuzwa na kuanikwa kila mwezi, na masika zaidi, kila jua linapotoka. Sufi inapenda jua kali. Sponji hapana: jua huikausha ikawa inapukutika unga wa manjano, kwa hiyo mwenye sponji aianike kivulini penye upepo. Na kama kiuno kitaendelea kuuma juu ya sufi iliyoshonwa upya, niandikie tena unieleze kazi unayofanya mchana, maana hukuitaja.